Mfereji Una Wakili

Karatasi yenyewe ndogo, nusu ya ukurasa wa daftari,
muhuri umekaa upande
kama kofia ya kijana mwenye majigambo.
Ghalib karani kanisomea mara mbili,
ya pili kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini,
maana mamake naye kazaliwa Wete
na mahakama ya Ibra haipendi kelele:
"Mdai hana uwezo. Apelekwe kwa wakili,
asitozwe kitu."

Hana uwezo.
Miaka arubaini na sita nimo mji huu.
Nimeshona kofia za nusu ya mtaa,
tundu kwa tundu, mpaka macho yakaniaga.
Nimepika mbaazi za nazi, wakazicheka,
kisha wakaja na mabakuli.
Chumvi sijaomba.
Leo nimeandikwa fukara
na kidole gumba changu kiko chini ya neno hilo.

Kisa ni maji.
Nusu saa ya mfereji kila siku ya nane;
wao huiita athari, na miye hucheka peke yangu,
kwetu athari ni kile kinachobaki jambo likishapita.
Ndicho alichoacha Nasor: athari moja,
mitende kumi na minne, mindimu miwili.
Shemeji yangu Humud akasema
maji ya ukoo hayendi kwa mgeni.
Mgeni!
Watoto watano nimemzalia nduguye,
mmoja yuko chini ya kilima kile pale.

Siku ya kwanza nilisimama mwenyewe.
Humud na wakili wake, mkoba wa ngozi,
Kiarabu kilichopigwa pasi.
Changu ni cha sokoni na jikoni,
kinajua bei ya vitunguu,
"kwa mujibu wa" hakijapata kuisikia.
Hakimu akauliza: wakili wako yuko wapi?
Nikamjibu, na wallahi sikukusudia utani:
"Sheikh, hapa hata mfereji una wakili.
Anaugawia zamu, anaukodishia maji ya ziada,
ukiziba anaita watu wauzibue.
Mfereji una wakili. Mimi sina."
Watu wakaangua kicheko.
Yeye alivuta kalamu.

Basi nikapanda ghorofa ya pili, lifti mbovu,
na bahasha ya vielelezo, kwani ufukara nao huthibitishwa:
bili ya umeme, barua ya sheikh wa mtaa,
taarifa ya benki yenye riali tisa na baisa kadhaa.
Mlangoni nilivua bangili ya mama.
Nikaitazama kiganjani.
Nikaivaa tena.
Kama umaskini wangu huanguka kwa bangili moja,
na uanguke.

Thuraiya, wakili, ana umri wa mjukuu wangu.
Kiswahili hajui ila "pole", ya bibi yake,
na hiyo aliisema vizuri.
Nilidhani ataanza na vifungu.
Akaniuliza: "Zamu yenu huanza saa ngapi?"
Hakuna aliyewahi kuniuliza.
Nikamweleza jinsi Nasor alivyopima,
mchana kwa kivuli cha kijiti,
usiku kwa nyota ikitoka nyuma ya jabali,
na jinsi nilivyoshika tochi naye aking'oa kizibo,
miaka yote ile, miye na yeye, matope magotini.
Akaandika yote. Hata matope.

Kesi imeahirishwa mpaka baada ya Mfungo Mosi.
Sijui itakwendaje, na yeye hakuniahidi.

Usiku huu ni wa nane.
Nimeshuka shambani. Maji yanapita mbele yangu
yakielekea kwenye ndizi za Humud,
yana haraka, hayajui mahakama.
Nimekaa ukingoni nusu saa yangu nzima.
Sikuchota hata kikombe. Nilitia miguu tu,
na karatasi nimeifunga kwa nailoni,
kifuani, isilowe.